Nani Amuulize Somo?

Nikisikia mtu anasema wazee wetu ni wabishi wa hospitali, damu inanichemka. Neno hilo nimelisikia kwa wauguzi, kwa vijana wa bodaboda, kwa watoto wenye kazi zao mjini, na kila nikilisikia namkumbuka somo yangu na kutaka kuinuka nigombane. Nimegombana vya kutosha. Sasa naandika.

Kwa asiyejua mambo yetu ya Mkuyuni, nieleze. Kwa desturi niliyolelewa nayo, binti akivunja ungo mama yake hamwambii kitu. Anamkabidhi kwa mwanamke mwingine, mtu mzima, naye ndiye anayemweka ndani, anamfunda, halafu anamtoa nje siku ya ngoma. Huyo ndiye somo. Ukishatolewa naye, wewe ni mwali wake mpaka mmoja wenu azikwe, hata uwe na wajukuu. Ana haki ya kukuuliza lolote la mwili wako na la chumbani kwako, na wewe huna ruhusa ya kumdanganya. Mama mzazi hana haki hiyo, na mume ndiyo kabisa.

Na somo yangu alikuwa anaitumia haki hiyo bila huruma. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye shamba la mananasi na pilipili manga juu ya barabara ya kwenda Matombo, na sauti yake ilikuwa inamtangulia sokoni. Unamwamkia, "Shikamoo Somo," anakujibu, "Marahaba. Choo umepata?" Mbele ya wachuuzi wa ndizi, mbele ya shehe, mbele ya wanaume waliosimama kupakia mizigo. Wenzangu walikuwa wanajificha nyuma ya mikungu wakimwona anakuja. Mimi niliwahi kumwambia ananiaibisha. Akaniuliza kama aibu ndiyo itakayonipeleka msalani.

Lakini mimba yangu ya pili ilipotoka, aliwahi kufika kuliko mama yangu. Hakusema pole, hakusema ni mapenzi ya Mungu. Alichemsha maji, akakaa kwenye kigoda, akaniambia, "Lia. Ukimaliza nikuogeshe." Nililia mpaka maji yakapoa, akayachemsha tena. Watu wengi wamenifariji katika maisha yangu na wengi nimewasahau. Huyu siwezi.

Alikuwa na kauli mbili alizozirudia kwa kila mwali wake. Ya kwanza ilisema, "Mwili ni wako, wengine wote ni majirani." Ya pili, "Ya ndani yabaki ndani." Tulizipokea zote mbili kwa pamoja, na hakuna aliyeona kwamba siku moja zitagombana.

Asidhani mtu kwamba alikuwa mtakatifu. Alituonya tusile sukari nyingi na chai yake mwenyewe ilikuwa nzito ya sukari, inanata kikombeni. Vidonge vya hospitali alikuwa anaviita chaki, lakini watu wa chanjo wakipita kijijini aliwapanga wajukuu wote mstari na kumtukana baba yeyote aliyemficha mtoto wake. Naye mwenyewe, mbabe yule, alikuwa anaogopa sindano. Akiiona tu anafumba macho na kuanza kuuliza habari za mashamba ya watu, ili mradi asisikie inaingia.

Siku niliyogundua kwamba anaumwa nilikuwa nimepanda kumsalimia kutoka mjini. Mimi naishi Mwembesongo, nina duka la vitenge, na kwake nilikuwa naenda kila nikipata nafasi. Tulikaa barazani tunachambua pilipili manga. Ikaadhiniwa adhuhuri. Nikatawadha, nikaingia ndani, nikaswali, nikatoka. Yeye bado anachambua. Nikadhani ataswali baadaye. Ikafika alasiri, nikaswali tena, nikatoka, nikamkuta palepale na ungo wake. Huyu ndiye aliyenifundisha mimi namna ya kutawadha. Huyu ndiye aliyenieleza ni siku zipi mwanamke anaiacha sala. Na siku hizo kwake zilikwisha miaka mingi nyuma, wakati mimi bado nanyonyesha.

Mwali hamuulizi somo yake. Hiyo ndiyo desturi, nami nikaivunja.

"Somo, mbona huswali?"

Akapepeta ungo. "Siko safi."

"Tangu lini?"

"Nani kakupa mdomo wa kuniuliza mimi?"

"Ni wewe ulinipa, Somo. Ukiacha mimi, nani mwingine wa kukuuliza?"

Akaacha kupepeta. Aliyemfunda yeye alikwishazikwa zamani. Yeye alikuwa na mabinti aliowafunda, wali wake, kijiji kizima, kila mmoja ana pa kupeleka siri yake, lakini yeye hakuwa na mtu hata mmoja juu ya ardhi mwenye haki ya kumuuliza. Binti yake asingeweza kuambiwa, maana desturi ileile aliyoitumikia imekataza mama kumwambia binti. Wana wa kiume ndiyo usiseme.

"Imerudi," akasema mwishowe. "Ilianza kidogo. Nikadhani Mungu kanirudishia kaujana."

Na alitabasamu. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Mama mtu mzima, meno yamepungua, alikuwa amekaa na damu ya ugonjwa mwilini mwake na kuitunza kama zawadi, tena kwa haya na fahari kidogo, anafua vitambaa vyake mtoni kabla wenzake hawajafika. Kisha yakaja maumivu ya kiuno, ikaja harufu, ndipo akajua kwamba ujana hauji hivyo. Na alipojua, hakuwa na wa kumwambia.

Mtasema, si angekwenda zahanati. Alikwenda. Nitawaeleza alivyokwenda, halafu mniambie nani mbishi. Chumba cha kumwona mganga mlango wake ulikuwa wazi, maana ukifungwa joto linazidi. Benchi la wanaosubiri limeegemezwa ukuta uleule. Mganga ni kijana wa rika la wajukuu zake, si mtu mbaya, ila ana watu wengi na sauti kubwa. Akamuuliza, "Haya bibi, tatizo nini leo?" Na kwenye benchi, karibu kabisa na mlango, alikuwa amekaa mume wa binti yake. Mkwe. Mtu ambaye mama huyu alikuwa hapiti mbele yake bila kujifunika kanga.

"Kichwa," akasema Somo.

Akapewa dawa ya kichwa, akarudi nyumbani. Alikwenda tena mara nyingine, mlango ukawa wazi vilevile, akasema kichwa vilevile. Halafu anatokea mtu na shati limenyooshwa anatuambia wazee wetu wanachelewa kufika vituo vya afya. Wanafika. Wanafika na kukuta mmewajengea chumba ambacho mama mwenye heshima zake hawezi kutaja humo ugonjwa wowote chini ya shingo.

Nikamwambia twende mjini, hospitali kubwa, una bima. Kweli alikuwa nayo. Mwanawe wa kwanza ana kazi ya ofisini Dodoma na alimwandikisha mama yake miaka mingi iliyopita. Namsifu kwa hilo, wengi hawafanyi. Kadi ilikuwa na jina la Somo na picha ya Somo, kilemba kimepinda kidogo. Ila kadi yenyewe ilikuwa Dodoma, kwenye kabati la mwanawe, isipotee. Alikuwa amemtunzia mama yake.

Huo ndio ugonjwa wetu mwingine, na una wagonjwa kila nyumba. Mzee akishaota mvi tunamnyang'anya vitu vyake kwa upole. Kitambulisho tunamtunzia. Simu tunampokelea. Kadi ya bima tunaifungia mahali salama, mbali na mwili inaoutibu. Na tunajiona watoto wema.

Nikampigia mwanawe mwenyewe, nikaweka simu sauti ya juu ili mama yake asikie.

"Dada, mama anaumwa nini?" akauliza.

Nikamtazama Somo. Akatikisa kichwa kunikataza. "Anaumwa," nikasema. "Tuma kadi."

"Nikiituma kwa basi inaweza kupotea. Niambie kwanza ugonjwa wenyewe nijue uzito wake. Mama juzi kasema kichwa tu."

"Anaumwa, mdogo wangu."

"Sasa si uniambie ni nini?"

Basi hapo ndipo tulipokwama. Mwana haitoi kadi mpaka atajiwe ugonjwa, na ugonjwa wenyewe mama hawezi kumtajia mwana. Bima ipo, hospitali ipo, na mama wa watu anaoza katikati yake. Nilikaa barazani pale nikiwa na hasira ya kutosha kung'oa mlingoti. Nikafikiria pia jambo hili: mama huyu angefariki wiki ile, mwanawe angepanda gari saa hiyohiyo, turubai lingefungwa, masufuria yangekuja, ukoo mzima ungechanga, na hakuna ambaye angeuliza kwanza amekufa kwa ugonjwa gani ili ajue uzito wake. Kwa maiti tunatoa bila maswali. Maswali yetu yote tunamwekea mgonjwa.

Nilitaka kumwambia mwanawe mwenyewe kila kitu. Somo akanikatalia. "Ukimwambia wewe, nitakuwa sina mwili tena," akasema. "Nitakwenda mwenyewe."

Tukaenda pamoja Dodoma kwa treni ya umeme. Hakuwahi kuipanda. Alilalamika njia nzima kwamba madirisha hayafunguki na mtu hawezi kununua hata kipande cha muwa, na alikuwa amekaa upande mmoja wa kiti kwa ajili ya maumivu, na hakuyataja. Mwanawe alitupokea kwa heshima zote. Mkewe akapika pilau. Wakamweka mama kwenye kochi kubwa, wakamwashia feni. Alipomaliza kunawa, akasema, "Nimefuata kadi yangu."

"Mama, kadi ipo, hakuna shida. Lakini unaumwa nini?"

Nilimwona akivuta kanga akajitanda vizuri, kama wanavyofanya wanawake wa kwetu kabla ya kusema neno zito. Kisha akamtazama mwanawe usoni.

"Ulikopitia wewe kuja duniani," akasema, "ndiko kunakotoka damu. Na inanuka. Umesikia sasa? Nipe kadi yangu."

Sijawahi kuona mwanamume mzima akipungua namna ile. Mkewe aliinama. Feni ikazunguka. Yule bwana akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kadi kaishika kwa mikono miwili, akapiga magoti na kumpa mama yake. Somo akaifunga kwenye pindo la kanga, akasema pilau ilikuwa na chumvi kidogo zaidi.

Kwenye treni ya kurudi hakulalamikia hata madirisha. Mimi nilijua amelipa kitu kikubwa. Ya ndani aliyatoa nje, mbele ya mtoto wa kiume, yeye aliyetufunda sisi wote kuyafunga. Nikamshika mkono, akauacha ushikwe.

Hospitalini mjini walimpima, na sitaki kuwadhulumu, walimpima vizuri na mlango walifunga. Lakini daktari alipokaa kutoa maelezo, alinigeukia mimi. "Mwambie bibi kwamba tumeona kitu kwenye mlango wa kizazi."

"Bibi anasikia," akasema Somo. "Na mlango huo ni wangu, niambie mimi."

Daktari akaona aibu, nashukuru alikuwa na aibu ya kuona. Akamgeukia, akamweleza kwa Kiswahili cha kawaida: ni saratani, imeshapanda, atapelekwa Dar es Salaam akapigwe mionzi. Kisha akasema lile neno. "Mngekuja mapema, mama."

Mimi nililipuka. Nilimwambia mama huyu alikuja mapema, alikuja kwenye zahanati yenu mara mbili, mkampa vidonge vya kichwa mbele ya mkwewe. Nilisema mengi, mengine sio ya kuandikwa. Somo akanivuta nguo nikae. Yule daktari, mtu wa watu, alikuwa ananisikiliza tu huku kalamu yake imesimama.

Alipotoka Dar alikuwa amekonda, ngozi imeungua kwa chini, lakini damu imekata. Akaswali. Na kabla hajapata nguvu vizuri akatuma habari kwa wali wake wote waliobaki, Mkuyuni, Mlali, mjini, popote. Tukaenda, wanawake wa miaka hamsini, sitini, mmoja ana mkongojo. Wanaume waliondolewa nyumbani kama zamani. Tulidhani anataka kutuaga. Akatuketisha kwenye mikeka, miguu tumenyoosha mbele, vilevile alivyotukalisha tukiwa mabinti, na magoti yetu yakalia.

"Jambo moja niliwafundisha vibaya," akasema. Hatukuwahi kumsikia akisema hivyo. "Ya ndani si yote ya kubaki ndani. Damu ikishakatika ikirudi, sio ujana. Ni ugonjwa. Usiisubiri hata iishe wiki. Na kadi yako ya bima, kama unayo, ilale kwako. Mtoto akitaka kukutunzia, mwambie atunze zake. Na kama huna, wewe na wenzako wa kikundi mjiandikishe, hamshindwi, mbona sare za vijora vya harusi hamshindwi."

Mmoja akauliza kwa sauti ndogo, "Na wewe usipokuwepo, Somo, nani atatuuliza?"

"Mtaulizana," akasema. "Nawaruhusu. Mwali amuulize mwali. Anzeni sasa."

Kwanza tulicheka. Halafu mwenzangu wa kulia, mama anayeuza maandazi stendi, akanigeukia akaniuliza, nami nikamjibu, nikamuuliza yeye. Baraza lote likajaa kunong'ona. Wawili walianza kulia. Mmoja wao tulimpeleka hospitali wiki ileile, naye kwa sasa yuko sokoni anauza kunde. Waliobishana na mimi kuhusu wazee wabishi hawakuwepo siku ile, na hawakualikwa.

Mwisho wake lakini nataka kuusema kama ulivyokuwa. Ugonjwa ulirudi. Alipelekwa Dar kwa vipimo tena, safari hii mwanawe ndiye aliyeingia naye. Madaktari wakamwita mwanawe pembeni, wakamwambia yeye. Wakarudi Mkuyuni, na yule kijana akanipigia simu analia.

"Dada, wamesema hakuna cha kufanya tena. Ni dawa za maumivu tu. Nakuomba usimwambie mama. Atakata tamaa."

Sikumwahidi kitu. Nilipanda asubuhi kesho yake. Nilimkuta Somo amelala ubavu kwenye mkeka barazani, anakunywa uji kwa upande mmoja wa mdomo, polepole. Amebaki mifupa na macho. Nikamwamkia, akaitikia, hakuniuliza habari ya choo.

"Mwanangu anazungumza na mimi kama mtoto mchanga," akasema. "Amenunua zabibu. Walimwambia nini kule?"

Niliuangalia mlima ule mbele yetu. Kijana amenisihi, na najua kwetu wengi wangesema mgonjwa hafai kuambiwa, kumwambia ni kumuua. Lakini huyu aliponiuliza, aliniuliza kwa haki yake, na mimi sijapewa ruhusa ya kumdanganya.

"Wamesema hutapona, Somo. Watakupa dawa ya kupunguza maumivu."

Akaweka kikombe chini. Akafuata kwa kidole mstari wa ukili kwenye mkeka. Machozi yakamtoka kidogo, akayafuta kwa pindo la kanga, pasipo haraka. Mimi yangu yalikuwa hayafutiki.

"Asante," akasema. "Nilikuwa najiuliza kwa nini zabibu." Kisha akasema, "Kadi bado inafanya kazi?"

"Inafanya."

"Basi nipeleke mjini. Nina jino, huku nyuma, linanitesa tangu mwezi uliopita. Nilikuwa nasubiri nipone kwanza."

Mwanawe alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Alinitazama kwa macho mabaya, halafu akapiga magoti kando ya mama yake. "Mama," akasema, na sauti ilikuwa inamkatika, "kwa hali hii, jino la nini tena?"

Somo akamshika shavu.

"Kwani anayekufa hatafuni?"